Risiva ya mtumba ya spika saba hapa Mtwara: niikague vipi kabla ya kutoa hela?

MamaNuru_Chuno

Habari za jioni wadau. Niko Mtwara mjini, Chuno. Hela ya korosho ya msimu huu, baada ya ada na bati za jikoni, kuna kiasi nimekitenga kwa ajili ya sauti ya sebuleni. Nataka niitumie vizuri.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe, masikio yake yamepungua. Jioni tunakaa wote kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na kila baada ya muda anauliza, "Kasemaje huyo?" Nikipandisha sauti ya TV, muziki ndio unaopanda, maneno yanabaki kule kule. Watoto wanataka sinema za kwenye flashi zisikike mpaka nyuma ya kochi. Baba Nuru yeye ni mpira tu.

Kuna duka karibu na soko kuu linaleta vyombo vya mtumba. Nimeiona pale risiva ya spika saba, yaani amplifaya ya kupokea sauti ya TV na kuigawa kwenye spika, ya kampuni kubwa ya Kijapani. Jina nalihifadhi ili duka lisijulikane. Ni toleo la mwaka 2011, kwa nje safi, rimoti ipo, maikrofoni yake ya kupimia chumba haipo. Anataka laki nne na themanini. Ananiambia ina wati 1000, "mama, hii ukiiwasha hapo Chuno, Shangani wanasikia". Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, maana mimi sina haja ya Shangani kusikia. Nina haja ya mama mkwe kusikia.

Sebule ni kama mita nne kwa tano, chini marumaru, juu dari la jipsamu. TV ni inchi 50, ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Tuna king'amuzi na flashi, basi. Nina pia spika tano na sabufa yake zilizobaki kwenye hom thieta yetu ya zamani; deki yake iliungua siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo. Ningependa hizo spika zisilale bure.

Nikirudi pale dukani niangalie nini, nisikilize nini? Nimeweka picha tatu: mbele, juu na nyuma.

Kijana_Reli

Mama Nuru, laki nne na themanini kwa chombo cha 2011 ni nyingi. Chukua saundi baa mpya, waya mmoja kwenye TV na kazi imekwisha, na una garantii. Hizi risiva za mtumba zina mambo mengi mno, menyu tu inataka usome wiki nzima.

Fundi_Mikindani

Mama Nuru, hujambo binti yangu. Mimi ni fundi redio hapa Mikindani, kazi hii nimeianza enzi za kaseti. Nimeisoma habari yako yote, na nimeikuza ile picha ya nyuma mpaka maandishi yakasomeka. Kabla ya jambo lolote angalia pale waya wa umeme unapoingia. Pameandikwa AC 120 V, 60 Hz.

Hiyo ni mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50. Sasa tazama na waya wenyewe: waya mweusi wa kiwandani, lakini plagi ni nyeupe, ya pini tatu, mpya. Plagi ya asili imekatwa, ikafungwa hiyo. Ukifika nyumbani ukaichomeka ukutani moja kwa moja, transfoma yake inapata karibu mara mbili ya inachostahili. Bahati ikiwa nzuri fyuzi itawahi. Ikichelewa, kinaanza kufa kile kipande kidogo cha umeme kinachoiweka mashine katika hali ya kusubiri, na kikifa hicho rimoti haitaiamsha tena. Nawapokea wateja wa namna hiyo kila msimu wa korosho, wanakuja na chombo kikiwa kimefungwa kwenye khanga, kinanuka.

Kwa hiyo muulize mwuzaji, kwa upole tu, anaiwashia nini pale dukani. Nina hakika chini ya meza yake kuna transfoma ya kushushia umeme.

Inaweza kutumika na transfoma ya namna hiyo? Inaweza. Lakini iwe ya kVA 1 au zaidi, na mimi ningechagua inayotoa volti 110 kuliko ya 120. Sababu ni kwamba chuma cha transfoma iliyopigiwa hesabu ya mizunguko 60 kinapata moto zaidi kikilishwa mizunguko 50, na volti zikipungua kidogo kinapumua. Bei ya hiyo transfoma iingize kwenye bei ya risiva, kwa sababu bila hiyo ulichonunua ni sanduku. Hesabu pia kwamba kila mgeni, kila mtoto, kila shemeji atakayehamisha waya nyumbani kwako lazima akumbuke kwamba chombo hiki hakiendi ukutani. Mimi hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Sasa wati. Risiva za daraja hilo mtengenezaji mwenyewe huandika kama wati 90 kwa chaneli, kwa spika za ohm 8 (ohm ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme), na kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa chaneli mbili zikifanya kazi, si saba. Huyo mwuzaji kaipata wapi 1000? Soma lile bati la nyuma: pana namba ya umeme ambao mashine inakula. Chombo kinachokula wati mia nne na kitu hakiwezi kutoa elfu moja, na sehemu kubwa ya kinachokula inaishia kuwa joto. Tena wati zenyewe hazifanyi kazi vile watu wanavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, tofauti unayoisikia kwa shida. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Spika ya kawaida ikipewa wati moja inatoa desibeli 87 hivi ukiwa umesimama mita moja mbele yake, wakati mtu anayezungumza kwa utulivu ni kama desibeli 60. Kwenye sebule ya mita nne kwa tano, jioni nzima ya tamthilia utakuwa unatumia wati moja, mbili, tano pale bomu linapolipuka. Kwa hiyo achana na habari ya wati kabisa.

Kwa shida yako wewe, risiva ipimwe kwa chaneli moja: ya katikati. Nisikilize hapa vizuri, maana ndipo mama mkwe alipo.

TV yako inatoa maneno na muziki kwenye spika zile zile mbili ndogo, tena zimetazama chini au nyuma. Ukipandisha, vyote vinapanda pamoja. Risiva yenye Dolby Pro Logic II, na karibu zote za kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni mpaka 2013 hivi zinayo, inafanya kitu kingine. Inachukua sauti ya kawaida ya kushoto na kulia, ile inayotoka kwenye king'amuzi chako, inalinganisha pande mbili. Kilicho sawasawa pande zote, na mazungumzo karibu siku zote yamewekwa hivyo, inakipeleka spika ya katikati. Kinachopishana inakipeleka mbele pembeni na nyuma. Kwa hiyo hata tamthilia ambayo haikurekodiwa kwa spika tano, maneno yanajitenga yanakaa peke yake chini ya TV. Hapo sasa unaingia kwenye menyu, unapandisha chaneli ya katikati peke yake desibeli 3 au 4, muziki unauacha ulipo. Ndiyo dawa yake hiyo. Nimewafungia wazee wengi hapa Mikindani, na najua inavyosaidia.

Kijana wa Reli hajakosea kuhusu saundi baa kwa mtu asiyetaka kuhangaika. Ila nyingi za bei ya chini ni za chaneli mbili tu, hazina ya katikati, na zikiungua hapa hatupati kipuri. Risiva naweza kuifungua.

Dukani fanya hivi. Kabla haijawashwa, chukua tochi ya simu, mulika kwenye matundu ya juu. Tafuta kutu, tafuta kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zilizovimba kichwa. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa. Nusa. Kisha iwashwe, sauti ikiwa chini kabisa. Baada ya sekunde chache lazima usikie relei, ile swichi ya ndani inayounganisha spika, ikigonga mara moja, tak. Ikigonga ikazima, au kioo kikaandika PROTECT, mshukuru mwuzaji uondoke. Nenda na spika moja ndogo unayoiamini. Kwenye menyu ya spika kuna sauti ya majaribio, ule mvumo wa shhh unaozunguka chaneli moja moja. Unga spika yako kwenye kila chaneli kwa zamu, zima kila unapohamisha waya, waya mbili zisigusane. Sikiliza kila chaneli kwa sauti ya juu kidogo, halafu, na hili watu hawalifanyi, sikiliza kwa sauti ya chini kabisa. Relei iliyochafuka inajificha. Ukipandisha sauti inashika, unadhani mzima. Ukishusha mpaka kiwango cha usiku inakwaruza, inakatika. Nikizifungua nakuta vidole vyake vya ndani vimekuwa vyeusi. Huku kwetu chumvi ya bahari inaharakisha kazi hiyo.

Kama una mtu mwenye mita, apime pia umeme wa DC, ule usiobadili mwelekeo, kwenye matundu ya spika wakati hakuna sauti. Chini ya milivolti 50 ni salama. Zikipita 100, usiiunge na spika unayoipenda.

Na nyuma ya spika zako za zamani nisomee namba ya ohm.

Banda_Lindi

Shikamoo mzee wangu. Nakuongezea la HDMI, mimi nina banda umiza hapa Lindi mjini, risiva kwangu inawaka tangu mechi ya mchana mpaka usiku.

Mama Nuru, usikubali kujaribu tundu moja la HDMI. Jaribu yote, moja moja, na jaribu la kutokea. Bodi ya HDMI ndiyo inayokufa mapema kwenye risiva za miaka ile, na tabia yake ni kwamba ikiwa baridi inafanya kazi vizuri. Ikishapata moto picha inaanza kuruka, sauti inapotea, inarudi. Kwa hiyo mwambie akuachie iwake nusu saa nzima, uweke hata mpira, ndipo uanze kujaribu matundu. Mwuzaji anayekukatalia nusu saa anajua kitu.

Pili, risiva nyingi za 2011 hazipitishi picha ya 4K. Hilo lisikutishe. Kila kitu unachomeka kwenye TV, halafu sauti inarudi kwenye risiva kwa ule waya mmoja wa HDMI kupitia tundu la ARC. ARC imeanza na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo chochote cha kabla ya hapo hakina. Kwenye TV na kwenye risiva washa ile sehemu ya HDMI Control, bila hiyo ARC haiamki. Watu wengi wanarudisha chombo kizima dukani kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Tatu, mende. Tikisa kidogo, mulika. Mimi niliwahi kununua amplifaya nikakuta mayai ya mende yamepangana kwenye bodi, na uchafu wao unaharibu bodi. Ukiona hata kinyesi chao kile cheusi cheusi kwenye matundu, teremsha bei au uache.

MamaNuru_Chuno

Shikamoo baba fundi. Asante sana, na kaka wa Lindi asante.

Nimekwenda leo na mdogo wangu, tukiwa na spika moja na tochi. Ni kweli kabisa, transfoma ipo chini ya meza, imefunikwa na boksi. Nilipomuuliza hakuficha, akasema "hiyo nitakuuzia na yenyewe, mama". Kwa hiyo bei ikapanda.

Tumemulika: hakuna mende, kapasita ziko bapa, vumbi tu. Imewaka, relei imegonga vizuri. HDMI tumejaribu matundu yote sita baada ya kuiacha iwake, zote zimetoa picha. Sauti ya majaribio tumepitisha chaneli zote. Mbele kushoto safi, kulia safi, za nyuma safi. Ya katikati kwa sauti ya juu safi. Tukashusha kama ulivyosema. Ikaanza kukwaruza, kisha kimya, mdogo wangu akapandisha kidogo ikarudi ghafla. Tumerudia mara kadhaa, ni hiyo hiyo ya katikati peke yake. Mwuzaji anasema ni waya wetu. Tukahamisha waya ule ule kwenye ya kushoto, ukatulia.

Mita hatukuwa nayo.

Spika zangu za zamani nyuma zimeandikwa 3 Ω zote tano, na sabufa yake pia. Plagi zake si waya mtupu, zina vile vichwa vya rangi vya plastiki.

Jingine: pembeni ya ile kubwa palikuwa na Yamaha RX-V373. Hiyo ni ya spika tano, anasema imetoka Uingereza, nyuma imeandikwa AC 230 V, 50 Hz, na plagi yake ni ya kiwandani, imeumbwa pamoja na waya. Anataka laki tatu na nusu. Mdogo wangu ananiambia nisishuke kutoka saba kwenda tano. Baba fundi unasemaje?

Fundi_Mikindani

Marahaba mwanangu. Umekagua vizuri kuliko mafundi wengine ninaowajua.

Ile ya saba ina relei iliyochoka kwenye chaneli unayoihitaji kuliko zote. Inabadilishika, ni kazi ya mchana mmoja kama relei yenyewe inapatikana, na nyingi zinaagizwa Dar. Lakini ongeza hapo transfoma, ongeza hofu ya plagi. Mimi nisingeichukua hata kwa laki tatu.

Chukua Yamaha, kama itafaulu majaribio yale yale. Usione haya kuyarudia yote. Mdogo wako aelewe kwamba spika ya sita na ya saba zinakaa nyuma kabisa ya wasikilizaji, na zinataka kochi lisimame mbali na ukuta. Sebule ya mita tano, kochi liko ukutani, hizo mbili ungeziweka wapi? Na king'amuzi chako kinatoa chaneli mbili, tatu zinazobaki kwenye spika tano tayari ni kazi ya risiva kuzitengeneza. Saba hazikuongezei neno hata moja la mama mkwe.

RX-V373 ni toleo la 2012, ina HDMI yenye ARC, ina Pro Logic II. Maikrofoni ya YPAO, ile ya Yamaha ya kupimia chumba, nadhani haitakuwepo, huwa zinapotea njiani. Usiazime ya risiva nyingine. Denon wana Audyssey, Pioneer wana MCACC, kila mmoja maikrofoni yake imepimwa na mashine yake. Utafanya kwa mkono: chukua futi kamba, pima kutoka pale anapokaa mama mkwe mpaka kila spika, andika mita hizo kwenye menyu. Kisha ile sauti ya majaribio, sawazisha kwa sikio ukiwa umekaa kwenye kiti chake yeye, si chako.

Sasa spika zako. Ohm 3 ni ndogo mno kwa risiva. Hom thieta za boksi moja zimetengenezwa hivyo kwa sababu amplifaya yake inajua inaunga nini. Risiva nyingi zinataka ohm 6 kwenda juu. Ukiziunga moja moja, mashine itavuta umeme mwingi, itachemka, na siku ya sinema yenye kelele itajizima. Na sabufa ile haina amplifaya ndani yake. Tundu la SUBWOOFER la risiva linatoa ishara tu, halina nguvu ya kusukuma spika. Haitalia.

Kwa mwanzo tafuta spika tatu za mtumba za ohm 6 au 8, mbili za mbele zinazofanana na moja ya katikati. Hela nyingi iende kwenye ya katikati. Iwe pana, iwe na spika mbili za maneno na tuita, ile ndogo ya sauti nyembamba, katikati, iwekwe chini ya TV ikitazama usoni kwa aliyekaa. Usiifungie ndani ya kabati la vioo. Na chini tandika zulia zito, maana marumaru na jipsamu vinarudisha sauti, na neno linalosikika mara mbili mzee halipati.

Banda_Lindi

Kuhusu bezi, Mama Nuru, huhitaji kununua sabufa ya gharama. Zile redio za sabufa tunazouziwa kila mahali zina amplifaya yake ndani. Toa waya wa RCA kwenye tundu la SUBWOOFER la risiva, ingiza pale nyuma ya sabufa panapoingia waya wa deki, vile vispika vyake vidogo vichomoe kabisa. Sauti ya sabufa weka katikati, halafu iongoze kwa menyu ya risiva. Nimefanya hivyo miaka yote bandani. Kwenye menyu weka spika za mbele Small na mpaka wa masafa Hz 80, bezi yote ya chini itakwenda kwenye sabufa, spika ndogo zitapumua.

Na friji gadi usisahau, ile inayochelewesha umeme dakika chache ukirudi. Risiva na TV viwe nyuma yake.

MamaNuru_Chuno

Shikamoo baba fundi, natoa mrejesho.

Yamaha nimeichukua kwa laki tatu na kumi baada ya majaribio yote. Tumeiacha iwake muda mrefu mpaka mwuzaji akaleta kahawa. Chaneli zote tano zimenyooka kwa sauti ya juu na ya chini. Fundi wa jirani amepima DC, kubwa kabisa ilikuwa milivolti 12.

Spika ya katikati nimeipata kwa mtu wa Ligula aliyekuwa anahama, ohm 8, na mbili za mbele kwenye duka lile lile. Mwanzo ARC haikufanya kazi, nikakumbuka kaka wa Lindi, HDMI Control ilikuwa imezimwa kwenye TV. Pro Logic II nimeweka Movie, ya katikati nimeipandisha desibeli 3. Mama mkwe jana kaangalia tamthilia mwanzo mpaka mwisho, na sauti yote kwa jumla iko chini kuliko tulivyokuwa tunaweka kwenye TV. Nuru ameweza kusoma chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Nimefurahi sana, nawashukuru wote kwa moyo wangu wote.

Kilichobaki ni watoto, wanadai spika za nyuma. Spika za ohm 6 ndogo sijaziona hapa mjini kwa bei ninayoiweza. Hizi zangu tano za ohm 3 kweli hakuna namna?

Fundi_Mikindani

Marahaba binti yangu. Milivolti 12 ni nzuri sana.

Namna ipo, kwa sababu unazo tano. Chagua nne zinazofanana kabisa. Za nyuma zinapata kazi ndogo, na ukiziunga mbili mbili kwa mfuatano, ohm 3 na 3 zinakuwa 6. Nyuma ya Yamaha pale kwenye matundu ya spika soma kiwango cha chini kilichoandikwa. Kikiwa 6, umo ndani.

Kata vile vichwa vya plastiki ubakishe waya. Waya mmoja kwenye kila spika una mstari au rangi, mara nyingi huo ni chanya. Kwa upande wa kushoto: tundu jekundu la risiva liende kwenye chanya ya spika ya kwanza. Hasi ya spika ya kwanza iende kwenye chanya ya spika ya pili. Hasi ya spika ya pili irudi tundu jeusi. Upande wa kulia hivyo hivyo. Risiva iwe imezimwa na imechomolewa ukutani wakati unafunga, na kabla ya kuwasha pima kwa mita: ncha mbili za kila upande zitasoma pungufu kidogo ya 6, kama 5 hivi, kwa sababu mita ya kawaida inapima kwa DC. Zikisoma 1 na kitu umeziunga sambamba, zifungue upya. Zikisoma 0 kuna waya zimegusana, usiwashe.

Usiziweke nyuma ya kichwa. Kochi lenu liko ukutani, kwa hiyo zikae kwenye kuta za pembeni, nyuma kidogo ya mstari wa masikio. Digrii 110 ukihesabu kutoka kwenye TV. Mbili za upande mmoja zikae pamoja, moja juu ya nyingine, nusu mita hivi juu ya kichwa cha aliyekaa. Waya wa milimita 1.5 unatosha kwa mita kumi, upitishe juu ya jipsamu kama fundi dari alikuachia mlango. Ukishafunga, ingiza mita zake kwenye menyu na usawazishe upya zote tano. Ya katikati ibaki desibeli 3 juu ya wenzake.

Jumamosi nitakuwa Chuno kwenye msiba wa jamaa yangu. Ukitaka nipitie na mita yangu niangalie kabla hujawasha, niandikie hapa.